Kopo la Laki Mbili na Nusu

NDAHANI: Mbukwenyi! Tuko hapa hapa Dodoma, upepo unapiga mabati, mkisikia kelele msilaumu maikrofoni. Mimi Ndahani, na niko na dada Rehema, mfamasia wetu, ambaye leo kaja na sura ya kugomba.

REHEMA: Sigombi mimi. Umeniletea kopo kwenye mfuko, "dada, hebu lisome." Nimelisoma. Sasa limetoka wapi?

NDAHANI: La mama mdogo wa Chang'ombe. Ana miaka 67. Alikwenda sokoni kununua dagaa, akakuta meza ina kitambaa cheupe na kijana kavaa koti la daktari. Kipimo cha mwili mzima, elfu tano.

REHEMA: Kile cha kushika chuma?

NDAHANI: Hicho hicho. Unashika kijiti cha chuma dakika moja, kompyuta inatoa makaratasi. Ini limechoka, mifupa inalika, kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mifupa, imekwisha, eti mwili wake una miaka 81. Akauziwa makopo mawili ya kurudisha ujana, laki mbili na nusu kila moja. Hela yote ya alizeti.

REHEMA: Na hawakumtoa hata tone la damu.

NDAHANI: Hata tone. Mimi nikaenda kushuhudia. Kijana akasahau kubadilisha jinsia ya mteja aliyetangulia. Na ndevu zangu hizi, nikaambiwa mfuko wangu wa uzazi una uvimbe mdogo.

[Wanacheka]

REHEMA: Pole sana. Ile mashine inaingiziwa umri, uzito na jinsia, basi, mengine inatunga. Haya, tuje kwenye kopo. La kwanza hapa, kolajeni. Ukinywa supu ya makongoro, vidole vinanata, sivyo? Kinachonata kinatokana na kolajeni. Ikifika tumboni inavunjwavunjwa kama nyama nyingine, haina barua ya kuipeleka moja kwa moja kwenye mikunjo ya uso. Kuna tafiti zimeona ngozi ikilainika kidogo, ila nyingi zimelipiwa na watengenezaji wenyewe.

NDAHANI: Na hii picha ya zabibu? Mama mdogo aliniambia, "mwanangu, hii si ni zabibu yetu ya Hombolo?"

REHEMA: Ni resveratroli, iko kwenye ganda la zabibu. Hapa wameandika miligramu 250 kwa kidonge. Divai nyekundu, lita moja ina miligramu moja au mbili hivi. Kufikia kidonge kimoja kwa divai ni zaidi ya lita mia.

NDAHANI: Kuna wazee nawafahamu wangejaribu.

REHEMA: Wangekufa na ini kabla ya uzee! Lakini hata hiyo ya kidonge, waliijaribu wenye hela kuliko sisi. Mwaka 2008 GlaxoSmithKline, kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, walinunua kampuni ya Kimarekani, Sirtris, kwa dola milioni 720, kwa sababu ya utafiti wa aina hii. Mwaka 2010 wakasimamisha jaribio la dawa yao ya resveratroli kwa wagonjwa wa saratani, baadhi waliharibikiwa figo. Mwaka 2013 ofisi ya Sirtris ikafungwa. Halafu wewe uuziwe sokoni kama imethibitishwa?

NDAHANI: Ila si wanasema inaondoa sumu? Haina madhara, ni mimea.

REHEMA: Hapo ndipo sura ya kugomba inaporudi. Ufini walichukua wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini, ile inayofanya karoti iwe ya rangi ile. Matokeo yakatoka mwaka 1994: waliomeza ndio waliopata zaidi saratani ya mapafu. Na humu kwenye kopo kuna ginkgo, dawa ya majani ya mti wa Kichina. Mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiguse, anaweza kuvuja damu.

NDAHANI: Basi vyote ni takataka.

REHEMA: Sijasema hivyo. Mama mdogo alikuwa analalamika nini hasa, kabla ya meza ile?

NDAHANI: Miguu. Usiku inawaka moto, asubuhi ganzi, kandambili inamvuka asijue.

REHEMA: Ana kisukari?

NDAHANI: Mwaka wa tisa sasa. Anameza metformini, dawa ya kushusha sukari. Na yule kijana kamwambia aache, eti ndiyo sumu yenyewe.

REHEMA: Ee Mungu. Asiache! Sukari yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu. Ila metformini ukiitumia miaka mingi inapunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na tumbo la mzee nalo linatoa asidi kidogo, kwa hiyo hata ile ya kwenye nyama haichomoki vizuri. Halafu anakula nini?

NDAHANI: Ugali wa uwele na mlenda. Nyama hadi sikukuu.

REHEMA: Mlenda naupenda, lakini B12 haumo. Iko kwenye dagaa, maini, maziwa, mayai. Apimwe damu, ya kutoka kwenye mshipa. Ikiwa imepungua, vidonge au sindano za B12, na bei yake haikaribii hilo kopo. Hicho ndicho kirutubisho ninachoweza kukitetea: kinaziba pengo lililopimwa.

NDAHANI: Vitamini D je? Jua la Dodoma hatununui.

REHEMA: Bibi anayeshinda ndani, kajifunika, jua hilo linawapata mbuzi tu. Huyo anaweza kuhitaji. Lakini Marekani waliwapa watu karibu 26,000, wengi wao hawana upungufu, kwa miaka kama mitano. Mifupa ilivunjika vile vile. Multivitamini ya kawaida, kile kidonge cha vitamini mchanganyiko, kidogo imeonyesha kusaidia kumbukumbu za wazee, nasema kidogo, usinikuze maneno. Kinachowaangusha wazee wetu ni misuli. Hebu inuka kutoka kwenye hicho kigoda ulichokalia, usimame bila kushika meza.

NDAHANI: Mimi? Mimi bado kijana.

REHEMA: Simama.

[Kigoda kinalia]

NDAHANI: ...Umeona. Nimesimama.

REHEMA: Umeshika goti. Mama mdogo afanye hivyo mara kumi, asubuhi na jioni, na kwenye mlo wake kunde, karanga, maziwa au yai. Kama figo zina shida aulize kwanza. Kopo la pili liko wapi?

NDAHANI: La kwanza ndilo hili, limebaki nusu. La pili halijafunguliwa, alisema ni hasara kulitupa. Kampelekea wifi yake Kongwa.

REHEMA: Wifi yupi? Yule aliyelazwa kwa damu kuganda mguuni?

NDAHANI: Huyo huyo. Bado anameza vidonge vya... aisee.

REHEMA: Chukua simu.

NDAHANI: Tumalize kwanza kipindi?

REHEMA: Ndahani, piga simu sasa hivi.