Korosho 60, Miezi 12: Tunavyohesabu Ajali Mtwara

NESI: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, na kwa wengine wote, habari za jioni. Tuko hapahapa Mtwara. Mkisikia kitu kinagongagonga ni bati la jirani, upepo wa leo mkali. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Umetoka zamu?

NESI: Naingia saa moja usiku. Naona umekuja na mfuko.

MWALIMU: Korosho za maganda, bado hazijabanguliwa. Ziko 60, nimezihesabu mara mbili. Lakini anza wewe, maana jambo hili wewe ndiye uliyelileta.

NESI: Limeanzia kwenye simu. Kuna kundi la mtaa wetu, watu wakawa wanatumiana ujumbe: mwezi huu ajali zimepungua, hongereni trafiki. Mwezi uliotangulia watu haohao walikuwa wanaandika kwamba mji umeharibika, kila siku matanga. Mimi nafanya kazi ya kupokea majeruhi, wapi haina haja kusema. Na katika mwezi huohuo uliosifiwa, nilimpokea kijana wa bodaboda ambaye ndugu zake walimleta na kila kitu chake: simu, kiatu kimoja, na helmeti. Helmeti ilikuwa nzima, haina hata mchubuko, kwa sababu ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Kichwa ndicho kilichopasuka. Sasa nikasoma zile pongezi, nikashindwa kuandika chochote. Nikakupigia wewe.

MWALIMU: Na mimi nikakuambia tusibishane na pongezi, tuangalie hesabu. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na kitu kimoja kinachowasumbua hata wakubwa ni namba ndogo. Mji wetu si Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa yote, pamoja na Mikindani, na tumeongezeka tangu hapo, lakini bado sisi ni mji mdogo. Mji mdogo ukihesabu ajali kwa mwezi unapata namba ndogo, na namba ndogo inarukaruka yenyewe bila mtu kuisukuma.

NESI: Onyesha.

MWALIMU: Hiki ni kipande cha boksi, nimechora vyumba 12 kwa mkaa. Januari hadi Desemba, vyote saizi moja. Narusha korosho zote kwa mkupuo. Itakayodondoka nje nairudisha. Haya.

(Sauti ya korosho zikimwagika.)

MWALIMU: Nisomee.

NESI: Januari 4. Februari 6. Machi 2. Aprili… 9! Mei 5, Juni 5, Julai 3, Agosti 8, Septemba 4, Oktoba 5, Novemba 6, Desemba 3.

MWALIMU: Jumla 60. Ukigawa sawasawa kila mwezi ungepata 5. Sasa niambie, Machi kulikuwa na kamanda hodari kuliko wa Aprili?

NESI: Hakukuwa na kamanda. Ni mkono wako tu.

MWALIMU: Ni mkono wangu tu. Lakini fikiria namba hizi ni ajali za mji. Machi mbili, watu wamepongezana. Aprili tisa, kikao cha dharura, operesheni, pikipiki zimejaa kituoni. Mei tano. Imeshuka karibu nusu! Kila aliyekaa kwenye kile kikao anaamini yeye ndiye aliyeishusha. Kumbe Aprili ilikuwa imepanda kuliko kawaida, na kilichopanda kuliko kawaida mara nyingi hurudi chini chenyewe.

NESI: Hapo nakukatalia, Mwalimu. Samahani, lakini nakukatalia.

MWALIMU: Sema.

NESI: Ukisema hivyo kuna mtu ataondoka hapa anasema si unaona, ajali ni kudra, hata Mwalimu kasema. Hayo maneno nayasikia kila wiki kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. "Siku yake ilifika." Mshikaki wa watu wanne kwenye pikipiki moja, usiku, taa ya nyuma imekufa, halafu siku yake ilifika?

MWALIMU: Hapana, na nashukuru umelisema. Sikiliza. Korosho kuangukia Aprili au Machi, hiyo ni bahati. Lakini kwa nini ziko 60? Bahati haikuzifanya 60. Mimi nilikaa nyumbani nikahesabu 60 nikazitia mfukoni. Ningeweza kutia 30. Ningetia 30, bado miezi ingerukaruka, lakini mkononi ningekuwa nimeshika nusu. Hilo ndilo la kugombania: idadi iliyoko mkononi. Mwendo, helmeti, taa za barabarani, usingizi wa madereva wa malori, hayo yote ndiyo yanayoujaza mkono.

NESI: Hapo tumeelewana. Sasa mtu wa kawaida ataijuaje hiyo idadi ya mkononi, kama mwezi mmoja unadanganya?

MWALIMU: Asitazame mwezi mmoja. Ajumlishe miezi 12 iliyopita. Mwezi ukiisha, unaongeza mpya unatoa ule wa zamani kabisa. Jumla hiyo haishtuki ovyo. Ikianza kushuka na ikaendelea kushuka, hapo pongezi ni halali.

NESI: Lakini kuna miezi ambayo kweli ni mibaya, siyo bahati. Nikiwa zamu naijua.

MWALIMU: Ipo. Itaje.

NESI: Msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada inaanza, fedha zinaingia. Mtu analipwa, anashuka mjini, anarudi kijijini na pikipiki mpya, nailoni hazijatoka kwenye siti. Hajawahi kuendesha wala hana leseni. Amefundishwa na shemeji yake nusu saa kwenye kiwanja cha mpira. Nikimuuliza aliyelala pale, "Pikipiki umenunua lini?", ananijibu, "Juzi." Na wale wenye kovu la kuungua na bomba la moshi kwenye kigimbi, hao walishazoea, wameendesha miaka. Wale wa juzi ndio wanaoniogopesha.

MWALIMU: Na wakati huohuo malori yanashuka bandarini.

NESI: Korosho zinatoka Tandahimba, Newala, Masasi. Na siku hizi yapo malori ya makaa ya mawe kutoka upande wa Ruvuma, yanayokuja hadi bandari yetu. Dereva katembea mamia ya kilomita, na kipande cha mwisho kabisa cha safari yake ndicho chenye watu wengi. Pale Mikindani, Mwalimu, unapajua, lami imebanwa kati ya nyumba za kale na maji ya ghuba. Mtoto akitoka kwenye kichochoro yuko barabarani tayari. Hana pa kusimama akatazama.

MWALIMU: Hapo ngoja niweke hesabu. Sheria yetu inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Hizo ni mita 14 hivi kila sekunde. Mtoto anahitaji kama sekunde tano kuvuka. Kwa hiyo lori la mwendo halali linakula mita 70 wakati mtoto anavuka. Likija na 80, linakula mita 110 na zaidi. Mtoto alitazama, akaliona liko mbali, akavuka. Hakukosea kitu. Lori ndilo lililokula umbali ambao yeye aliuhesabu kuwa wake.

NESI: (kimya kidogo) Halafu kwenye taarifa wanaandika "mtembea kwa miguu alivuka bila tahadhari."

MWALIMU: Mvua nazo?

NESI: Desemba hadi Aprili, na si maji tu. Ni mchanga. Mji wetu wa mchanga huu, mvua ikipiga inausomba kutoka mitaani inaumwaga juu ya lami, pale mtaa unapokutana na barabara kubwa. Kesho jua linakausha, mchanga unabaki umetanda mwembamba, huuoni. Bodaboda anakata kona, tairi la mbele linateleza. Kuna kona naijua, mama muuza samaki wa pale ana fagio lake, kila baada ya mvua anafagia lami mwenyewe kabla hajatandika samaki. Hakuna aliyemtuma.

MWALIMU: Huyo kapunguza korosho.

NESI: Amepunguza kweli.

MWALIMU: Na kuna kalenda ambayo wengi wanaisahau wakilinganisha mwaka na mwaka. Ramadhani. Saa ya kuelekea futari kila mtu anakimbilia nyumbani, ana njaa, ana kiu, jua linazama. Lakini Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Aprili ya 2023 ilikuwa na wiki karibu tatu za kufunga, Aprili ya 2025 haikuwa na hata siku moja. Ukichukua Aprili hizi mbili ukazilinganisha, unalinganisha vitu viwili tofauti. Na Februari ina siku 28. Ikitoka ndogo kuliko Januari, usishangilie haraka.

NESI: Sasa nije kwenye langu, maana ndilo linaloniuma. Daftari. Tunahesabu nini? Polisi wana hesabu yao, na hospitali ina yake. Majeruhi wa ajali huandikiwa PF3, ile fomu ya polisi, lakini wapo wengi wanaoanguka wenyewe na pikipiki, wanaona aibu, au hawana leseni wala bima, wanaogopa kituo. Anakuja na uongo kwamba ameanguka kutoka juu ya mkorosho. Nakata suruali naona mguu umechubuka wote upande mmoja, changarawe za lami ziko ndani ya nyama. Mkorosho gani wenye lami?

MWALIMU: Huyo hamo kwenye ajali za mwezi.

NESI: Hamo. Na wa pili ni yule anayefariki baadaye. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha siku 30: aliyefariki ndani ya siku 30 kwa sababu ya ajali, ni kifo cha ajali ya barabarani. Nimeona mtu amelazwa, siku ya kumi na mbili ameaga dunia, na pale alipoandikwa siku ya kwanza bado anasomeka "majeruhi". Hakuna aliyerudi kurekebisha. Familia imeshazika, daftari linasema yuko hai.

MWALIMU: Inna lillahi.

NESI: Na la tatu ni mahali. Nilifungua kurasa za nyuma, safu ya "mahali ilipotokea". Mtwara. Mtwara mjini. Mtwara. Barabarani. Mwalimu, "barabarani"! Tangu siku hiyo simwachi aliyemleta mgonjwa aondoke kabla hajaniambia: wapi hasa, mbele ya duka gani, mlikuwa mnaelekea wapi, saa ngapi, taa ilikuwapo, alivaa helmeti au hakuvaa. Dakika mbili tu. Wengine wananikasirikia, ndugu yao anavuja damu, mimi nauliza habari za duka. Nawasubiri watulie, halafu nauliza.

MWALIMU: Na hapo hesabu inabadilika kabisa. Mwezi ni bahati kwa sehemu kubwa, lakini mahali si hivyo. Nikirusha korosho mara kumi, chumba cha Aprili hakiwezi kuongoza mara zote kumi. Kikiongoza mara zote kumi, maana yake boksi limeinama. Kona ikirudi kwenye daftari lako mwezi baada ya mwezi, msilaumu madereva peke yao. Barabara imeinama.

NESI: Na iliyoinama inanyooshwa. Weka rasta, vile vituta vyembamba vya kumshtua dereva apunguze mwendo, weka tuta, chora pundamilia upya, washa taa. Ila mjue barua mnampelekea nani. Barabara kuu ni za TANROADS, Wakala wa Barabara. Za mitaani, tangu 2017, ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Watu wanaandika barua nzuri inakwenda ofisi isiyo yake, inalala miezi sita, halafu wanasema serikali haisikii.

MWALIMU: Helmeti umeigusa tu.

NESI: Nimeigusa kwa sababu nikiianza sitaimaliza. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulionyesha helmeti inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi, na vifo kwa asilimia 42. Dereva wetu anayo, kaiweka kwenye usukani kwa ajili ya trafiki. Abiria hana kabisa, au anapewa moja yenye jasho la watu hamsini na mkanda uliokatika, anaikataa, na simlaumu. Ndugu zangu wa vijiweni, nunueni ya pili ya abiria, iosheni, wekeni kitambaa ndani. Kina mama wataivaa. Nimewauliza.

MWALIMU: Kwa hiyo tunaomba nini kwa wasikilizaji?

NESI: Tunaomba sauti. Ukiwa kijiweni, sokoni, popote, ukishuhudia ajali, msaidie majeruhi kwanza. Halafu tutumie sauti fupi: mahali kwa jina ambalo bodaboda yeyote angelielewa, saa, nini kiligongana na nini. Msitaje jina la mtu, na picha za waliolala chini msitutumie kabisa. Mwalimu atazipanga sauti hizo kwa mahali.

MWALIMU: Nitachora ramani ya mji kwa mkaa, kama hii.

NESI: Mimi muda wangu umefika, zamu inaniita. Korosho zangu?

MWALIMU: Chukua 30 ukazichome. Dunia imejiwekea lengo la kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu ifikapo 2030. Hizi 30 zinabaki mfukoni, nataka tuzirushe wiki ijayo tuone Aprili inakuwaje.