Kotisoli na kipokezi chake katika mwili wa kondoo

Kamwene! Wazee wetu, ndugu wafugaji mliotoka Kilolo na Mufindi, karibuni hapa Iringa.

Mmemwona kondoo akishushwa kwenye lori siku ya mnada: anahema, macho yamemtoka, majani hagusi. Ubongo wake umeshatoa amri, na tezi zilizo juu ya figo zimemwaga kotisoli, homoni ya msongo, kwenye damu. Ni suala la dakika tu.

Ila kotisoli peke yake haifanyi kitu. Inapenya utando wa seli kwa urahisi, maana ni ya jamii ya mafuta, na mle ndani inakuta kipokezi. Hiki ni protini, kimeshikiliwa na protini nyingine kikisubiri. Kotisoli ikinasa, kinabadilika umbo, kinaachiliwa, kinaingia kwenye kiini cha seli na kukaa juu ya DNA, yaani uzi unaobeba jeni. Hapo jeni nyingine zinawashwa, nyingine zinazimwa. Ini linatengeneza sukari, kinga inatulizwa. Msongo ukidumu, kinga hiyo iliyotulizwa ndiyo inayompa kondoo homa ya mapafu baada ya safari.

Lakini msiichukie homoni hii. Mimba ya kondoo ni siku 147 hivi, na siku za mwisho mwanakondoo aliye tumboni ndiye anayepandisha kotisoli yake. Kotisoli hiyo inafanya projesteroni, homoni inayotunza mimba, igeuzwe kwenye kondo la nyuma kuwa estrojeni, homoni inayochochea uchungu, na uchungu unaanza. Mtoto ndiye anayepanga siku ya kuzaliwa! Mimi jambo hili hunistaajabisha kila ninapolifundisha.

Daktari Graham Liggins wa Auckland, Nyuzilandi, aliwadunga wanakondoo wakiwa tumboni deksamethasoni, dawa inayonasa kwenye kipokezi hichohicho. Walizaliwa kabla ya wakati, na akaona mmoja anapumua ilhali kwa umri ule mapafu hayakupaswa kujaa hewa. Alichapisha hayo mwaka 1969. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakaonyesha kwamba mama akidungwa dawa ya jamii hiyo, watoto njiti hupungukiwa na shida ya kupumua. Wodi za wazazi zinaitumia mpaka leo.

Deksamethasoni hiyo imo pia kwenye maduka ya dawa za mifugo, kwa ajili ya uvimbe na mzio. Jike mwenye mimba pevu akidungwa, anaweza kuzaa ndani ya siku 2 au 3. Kwa hiyo kabla bwana mifugo hajavuta dawa kwenye sindano, mwambie jike wako alipandwa lini.