Gari la Jumatatu Asubuhi: Mhadhara kwa Wanachama Wanaotaka Kukopa

Shikamooni wazee, na wenzangu habari za mchana. Nimeambiwa wengi wenu mmeshajaza fomu za mkopo wa gari, kwa hiyo sitazunguka. Kabla hujaanza kutazama picha za magari kwenye simu, chukua karatasi uandike wiki yako. Jumatatu unatoka wapi, unakwenda wapi, kilomita ngapi, mko wangapi ndani, mzigo gani, barabara ipi, gari linalala wapi. Andika hivyo mpaka Jumapili. Ukimaliza, nusu ya magari uliyokuwa unayataka yatakuwa yameshajiondoa yenyewe.

Najua kuna mtu hapa anajisemea, "Sisi kwetu ni Moshi, Desemba lazima tupande wote, basi nataka gari kubwa." Hapo hapo ndipo pesa za watu zinapotelea, kwa hiyo mniruhusu nikae hapo.

Tumchukue mtu wa Dar es Salaam anayeishi Mbezi, kazi yake Posta. Kwenda na kurudi tuseme kilomita 50, siku tano, basi kilomita 250 kwa wiki, 1,000 kwa mwezi. Ndani ya gari yuko peke yake, au na mtoto mmoja anayeshuka shuleni. Akinunua gari la sisi 1300 (cc, yaani ukubwa wa injini), mfano Toyota IST, kwa foleni zetu tukadirie kilomita 12 kwa lita. Akinunua Toyota Noah, ile ya viti nane, ya sisi 2000, tukadirie 8. Gawanya 1,000 kwa 12, unapata lita 83. Gawanya kwa 8, lita 125. Tofauti ni lita 42 kila mwezi, na kwa mwaka zinapita lita 500. Zidisha kwa bei ya petroli mliyoiona leo kituoni, halafu weka pembeni yake nauli za basi za familia yako kwenda Moshi na kurudi. Fanyeni hesabu hiyo leo nyumbani, na kila mtu aweke kilomita zake mwenyewe. Mtu analipia viti sita vitupu mwaka mzima kwa ajili ya safari moja ya takriban kilomita 550 kila upande, tena ya lami, ambayo gari dogo lililofanyiwa sevisi linaimaliza bila shida.

Mwenye watoto wanne anaowapeleka shule kila asubuhi, Noah ni gari lake, simzuii hata kidogo. Ila amwulize muuzaji: Noah ipi? Zile za kati ya 2001 na 2007, ambazo namba yake ya chasis inaanza na AZR60 au AZR65, zina injini ya 1AZ-FSE. Itazame hiyo herufi S. Inakwambia kwamba petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu yenye presha kubwa. Fungua boneti, mara nyingi kifuniko cha injini kimeandikwa D-4. Injini hiyo hiyo utaikuta kwenye RAV4 za Japani za ACA20 na ACA21, na kwenye Premio za sisi 2000 za miaka ile.

Shida yake ni hii. Kwenye injini ya kawaida, petroli inapita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha kila wakati. Kwenye D-4 haipiti hapo. Mvuke wa oili unaganda juu ya valvu na kugeuka kaboni, na gari la safari fupi na foleni ndilo linaloumia zaidi kwa sababu injini haipati nafasi ya kukimbia. Asubuhi inatetemeka, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, mlimani gari zito. Fundi anabadilisha plagi, anabadilisha koili, tatizo liko pale pale, kwa sababu hajafungua manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, kusafisha valvu. Mwenyewe anachoka, analipeleka yadi ya kuuzia magari, na wewe mwenye mkopo mpya ndiye unayekutana nalo limeoshwa linang'aa. Ukitaka Noah, tafuta chasis inayoanza na ZRR70, kuanzia 2007. Hiyo ina injini ya 3ZR, ambayo petroli yake inapuliziwa kwenye njia ya hewa kama kawaida. Ukipewa AZR60 kwa bei nzuri, sharti uliwashe mwenyewe asubuhi likiwa la baridi kabisa. Muuzaji akikupokea injini imeshapata moto, mwambie utarudi kesho.

Mwingine atasema barabara ya kwake ni mbovu, kwa hiyo lazima gari la juu. Ni mbovu kiasi gani? Chukua futi kamba, nenda kwenye lile tuta au korongo linalokusumbua, pima. Kisha pima gari, kutoka chini mpaka sehemu inayoning'inia zaidi uvunguni, ambayo mara nyingi ni bomba la ekzosi au sampo, kile chombo cha oili chini ya injini. Pima watu wakiwa wamekaa, kwa sababu gari tupu na gari lenye watu watano hayalingani. Na msidanganywe na gari dogo lililoinuliwa kwa kuwekewa vipande juu ya springi. Ukiinua sana, jointi za ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe isiyokuwa yake, buti za raba zinachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia, na ukikata kona unasikia tak-tak-tak. Hapo ekseli imekwisha.

Kuhusu gari la kuvuta matairi yote manne: kama karatasi yako haina matope, liache. Lina difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) na propela (shafti za kupeleka nguvu) za ziada za kuhudumia, linakula mafuta zaidi, na linataka matairi manne ya saizi moja yaliyolika sawasawa. Ukifunga mawili mapya na mawili yaliyokwisha, difu zinapambana kila unapotembea.

Sasa hili la namba za usajili linanikera kweli. Watu wanaongeza pesa kwa sababu gari ni "namba E". Herufi hiyo, ya kwanza baada ya tarakimu za kibao, inakwambia lini gari limesajiliwa Tanzania. Umri wa gari haumo. Gari la 2004 likishuka bandarini mwezi huu linapata namba mpya sawa na la 2016. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, sisi hatuna zuio hilo, kwa hiyo kazi ya kujua umri ni yako. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini kabisa kuna lebo iliyoshonwa, mara nyingi ina mwaka wa kutengenezwa. Angalia mikanda yote; mmoja ukiwa na mwaka tofauti, uliza ulibadilishwa kwa nini. Tairi lina tarakimu nne kwenye duara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma, kwa hiyo linganisha na raba ya pedeli ya breki. Dashibodi inasema 60,000 na pedeli imekuwa laini kama kigae, hapo kuna uongo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Mwenye duka anayebeba magunia achukue Toyota Probox: injini ya 1NZ iliyozoeleka, spea kila mahali, na ile ya mizigo imepangiwa kilo 400 mkiwa wawili ndani. Magunia manane ya kilo 100 ni mara mbili yake, springi na breki hazitakusamehe.

Gia boksi za CVT, zile otomatiki zisizo na gia za hatua, kama kwenye Vitz nyingi kuanzia 2005: uliza imewekwa oili gani. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na oili ya otomatiki ya kawaida inaufanya uteleze. Ukiteleza unakwangua puli, na hapo unanunua gia boksi nzima. Liendeshe nusu saa, kiyoyozi kimewashwa. Weka D, kisha R. Likichelewa zaidi ya sekunde mbili kushika, au likitetemeka kati ya spidi 20 na 40, liache.

Haibridi, gari la injini ya petroli na mota ya betri, nilitaka kuisema kwa kirefu, itabidi iwe siku nyingine. Leo chukueni moja tu: nyuma, pembeni mwa kiti, mara nyingi kuna tundu la kupitishia hewa ya kupoza betri, na msiweke begi wala nguo hapo.

Na kabla ya kulipa hata shilingi ya utangulizi, linganisha namba ya chasis iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi, wewe mwenyewe, siyo dalali. Karibuni kwa maswali.