Timu ya Desemba

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Wakati naingia hapa, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu anacheza futiboli ya hawa Wamarekani katika chuo kidogo. Wameshinda mechi saba, wamepoteza moja. Ananiambia watakwenda kwenye mtoano. Ni kweli, au ananituliza tu?" Nikamwomba achukue kiti cha mbele, maana yote nitakayosema jioni hii ni jibu lake.

Mama, vyuo vidogo vya nchi hii viko katika daraja linaloitwa Division III. Wanaocheza futiboli huko ni vyuo vipatavyo 240, na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu tu anajua kucheza. Kijana wako analipa kama wenzake, anafanya mitihani kama wenzake, na saa ya mazoezi anavaa kofia ngumu kwa mapenzi yake mwenyewe. Msimu wa kawaida ni mechi 10, toka Septemba hadi katikati ya Novemba. Kisha timu 40 tu huitwa kwenye mtoano. Zamani ziliitwa 32. Ziliongezwa mwaka 2024. Nafasi nyingi kati ya hizo zimekwisha kutengwa kwa mabingwa wa ligi mbalimbali za kanda. Ukiwa bingwa wa ligi yako, umeingia, hakuna wa kukuuliza. Usipokuwa bingwa, unabaki kugombea nafasi chache zilizosalia pamoja na nchi nzima, na zinagawiwa kwa hesabu inayotazama matokeo yako na nguvu ya wale uliocheza nao.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwanao ni hili: ile mechi moja mliyopoteza, mlipoteza kwa nani? Kama aliyewafunga ndiye anayeongoza ligi yenu, mnahitaji yeye ateleze, au mnahitaji ile hesabu iwahurumie. Kama aliyewafunga ni timu ya nje ya ligi yenu mwezi Septemba, basi ubingwa bado uko mikononi mwenu, na kijana hakudanganyi.

Ila kuingia ni jambo moja, na kufika mbali ni jambo jingine. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, na ili tukae vizuri nawapeleka Collegeville.

Wengi wenu mmepita pale bila kujua. Ukitoka Minneapolis ukashika barabara ya 94 kwenda kaskazini-magharibi, maili 80 hivi, ukapita St. Cloud, utaona upande wa kushoto misitu na maziwa, na kanisa lenye mnara wa zege ulio bapa kama bango. Ni abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Wabenedikto, waliofika Minnesota mwaka 1856. Waliosoma kusini mwa Tanzania watanielewa haraka: ni watoto wa Mtakatifu Benedikto kama wale wa Peramiho na Ndanda, ingawa shirika lao ni tawi jingine. Ora et labora, sala na kazi, shamba, karakana, shule. Hawa wa Collegeville waliongeza futiboli. Chuo chao, Saint John's, ni cha wanaume watupu, na wanafunzi wake hawafiki 2,000. Uwanja wao uko katika bonde la asili lililozungukwa na misonobari, watu wanakaa mteremkoni kama tulivyokuwa tukikaa kwenye kichuguu kutazama mechi za shule.

Mwaka 1953 watawa wale walimwajiri kocha wa miaka 26. Jina lake John Gagliardi, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano kutoka mji wa Trinidad, Colorado. Huyu alianza kufundisha akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1943 kocha wake alichukuliwa vitani, shule ikataka kufuta timu, yeye kijana wa miaka 16 akasema, tuachieni, nitaiongoza. Na jambo la kwanza alilofanya alipopata madaraka lilikuwa kuwaruhusu wenzake kunywa maji mazoezini.

Nisameheni nisimame hapo kidogo. Katika sekondari niliyosoma mimi, mwalimu wa michezo alituambia kunywa maji kabla ya mazoezi kwisha ni uvivu. Tulikimbia kwenye jua la saa nane mchana, ndimi zimekauka, na rafiki yangu mmoja akaanguka. Akamwagiwa ndoo kichwani, maji yale yale aliyokatazwa kunywa. Niliposoma habari za Gagliardi mara ya kwanza, nilipofika kwenye hayo maji, niliweka kitabu chini. Mvulana wa miaka 16 aliona kitu ambacho watu wazima wengi walipita miaka hamsini bila kukiona.

Alipofika Collegeville aliendelea kuondoa. Mazoezi yasizidi dakika tisini. Hakuna filimbi. Hakuna kumwita "kocha". Aliitwa John, na wavulana wa miaka 18 pamoja na wenye mvi. Hakuna kumnyanyasa mchezaji mgeni. Hakuna kumtoa mtu kwenye timu kwa sababu hajui kucheza, hata ikawa wachezaji wake wanaojipanga mwanzoni mwa mechi ni zaidi ya 150. Na kubwa kuliko yote: hakuna kuangushana mazoezini. Timu ya futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao shughuli yake nzima ni kumkamata mwenye mpira na kumlaza chini, ilikuwa haiangushani toka Jumatatu mpaka Ijumaa. Walijipanga, walikimbia, walisoma mwendo wa mpinzani, wakaishia kumgusa. Kulikuwa na zoezi moja la kulala chali kwenye nyasi, kila mtu amgeukie jirani yake na kumwambia leo ni siku nzuri. Na lilikuwa kwenye ratiba yao kama mazoezi mengine.

Watu walimwona mtu wa ajabu. Alikaa pale misimu 60. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa na ushindi 489, na hakuna kocha wa chuo, kikubwa wala kidogo, aliyewahi kufika hapo.

Sasa msimu wa 2003, ndio ninaoutaka. Ulipoanza, Gagliardi alikuwa na ushindi 400 kamili. Mbele yake alikuwa mtu mmoja tu, Eddie Robinson wa Grambling State, chuo cha watu weusi kule Louisiana, aliyeanza kazi mwaka 1941, enzi ambazo vijana weusi wa kusini hawakuweza hata kukanyaga viwanja vya vyuo vikubwa vya majimbo yao. Robinson alimaliza na ushindi 408. Ningependa vijana wetu waliozaliwa hapa walijue jina hilo kabla ya jina la Gagliardi. Rekodi ambayo nchi nzima ilikuwa ikiihesabu mwaka ule ilikuwa ya mzee mweusi wa Louisiana, na anayeikaribia alikuwa mzee wa Kiitaliano anayeishi na watawa msituni.

Saint John's wakashinda ya kwanza, ya pili, wakaenda hivyo hivyo. Mwanzoni mwa Novemba wakawa sawa na Robinson. Tarehe 8 Novemba wakaikaribisha Bethel, na siku hiyo kulikuwa na mambo mawili mezani kwa pamoja, rekodi na ubingwa wa ligi yao ya MIAC. Watu zaidi ya 13,000 waliingia katika bonde lile, kwenye chuo chenye wanafunzi wasiofika 2,000. Saint John's 29, Bethel 26. Pointi tatu tu. Mzee alikuwa na miaka 77.

Wengine wangeona msimu umefika kileleni hapo. Lakini hesabu ya mtoano ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Wakati ule timu zilizoitwa zilikuwa 28, na nne kati yake zilipewa kupumzika raundi ya kwanza. Saint John's ikawa miongoni mwa hizo nne. Hiyo wiki moja ya mapumziko, jamani, msiione ndogo. Mwishoni mwa Novemba mwili wa mchezaji umekwisha kupigwa mechi kumi. Kifundo cha mguu kilichoteguka Oktoba hakijapona, kinafungwa bandeji tu. Halafu unaambiwa kila Jumamosi, bila kupumua, mechi nyingine, na ukifungwa umekwenda nyumbani. Na katikati ya hayo kuna mitihani ya mwisho wa muhula.

Waliporudi wakashinda mechi yao ya kwanza ya mtoano. Wakawatoa Linfield wa Oregon. Wakawatoa RPI wa New York. Desemba wakashuka Salem, Virginia, kwenye fainali inayoitwa Stagg Bowl, na aliyekuwa akiwangojea ni Mount Union ya Ohio.

Niwaambie Mount Union ni nani. Ni chuo kidogo katika mji wa Alliance, na chini ya kocha Larry Kehres kilikuwa kama Al Ahly kwa klabu za Afrika, yaani unapoingia kwenye droo unaomba usikutane nacho. Kehres alimaliza kazi na ushindi 332, akapoteza 24, sare tatu, na makombe 11 ya taifa. Siku ile Mount Union ilikuwa imeshinda mechi 55 mfululizo, na haikuwa imefungwa tangu 1999. Fainali ya mwaka 2000 iliwakutanisha hawa hawa, Saint John's wakafungwa 10 kwa 7 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Kwa hiyo wenyeji wa Collegeville walikuwa na kidonda.

Ikaisha 24 kwa 6. Saint John's. Nyota wao, Blake Elliott, alikuwa kijana wa Melrose, mji ulio jirani na chuo hapo hapo kwenye barabara ya 94. Na katika robo ya mwisho, Mount Union wakiwa wamesogea karibu kufunga, beki mmoja wa Saint John's alinasa pasi kwenye mstari wao wenyewe wa goli akakimbia nayo yadi 100 uwanja mzima. Mechi ya 14 ya msimu, robo ya nne, na bado ana miguu ya kukimbia yadi 100. Nilipoijua habari hiyo nilikumbuka zile dakika tisini za mazoezi, na zile Jumatatu hadi Ijumaa za kutoangushana.

Najua kuna mtu hapa atasema, na atakuwa na haki, kwamba Kehres naye alishinda makombe 11 bila kulaza watu chali kwenye nyasi. Ni kweli. Njia si moja. Na mimi sisemi kila anayepumzisha wachezaji atachukua kombe. Nasema hivi: kwa chuo kidogo kisicho na fedha za kununua vipaji, mtaji pekee ni miili ya wale waliopo, na mtoano huamuliwa Desemba, miili ikiwa imechoka. Ndiyo maana mimi nikitaka kujua timu ndogo itafika wapi, siangalii imeshinda ngapi. Nahesabu wangapi walioanza mechi ya kwanza ya Septemba wanaanza leo. Vyuo vya Ivy League, vile vikongwe vya mashariki mwa nchi hii, vilikuja kukataza kuangushana kwenye mazoezi ya katikati ya msimu mwaka 2016, baada ya mmoja wao, Dartmouth, kuanza peke yake mwaka 2010. Gagliardi alikuwa ameanza kabla wazazi wa wachezaji hao hawajaoana.

Turudi kwa mama wa mbele. Tuseme mwanao ameingia katika wale 40. Yako mambo mawili ya kutazama siku droo ikitangazwa. Kwanza, timu 24 hupumzika raundi ya kwanza na 16 hucheza. Aliyepumzika anahitaji mechi tano kuchukua kombe. Asiyepumzika anahitaji sita. Pili, ni wapi mnacheza. Safari ikiwa ndefu mno timu hupelekwa kwa ndege, na ndege ni ghali, kwa hiyo waandaaji hupanga majirani wapambane mwanzoni. Ndiyo maana timu nzuri za kanda hizi zetu hutoana mapema, wakati kwingineko mtu anapita kirahisi. Sipendi jambo hilo. Nimeona timu zilizostahili nusu fainali zikienda nyumbani Novemba kwa sababu ya ramani. Lakini ndivyo ilivyo, na ukijua hivyo hutamlaumu kijana bure.

Kisha muulize jambo moja ambalo hatakuambia mwenyewe. Muulize kichwa. Si kama mlivyozoea, "unaendeleaje?" atakujibu "poa". Muulize kama msimu huu ameshapigwa akaona nyota, akainuka bila kumwambia mtu. Vijana huficha kwa sababu hawataki kukosa mechi ya Jumamosi, na kwenye vyuo vidogo hakuna malipo ya kumshawishi afiche; anaficha kwa mapenzi tu, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Nina wa kwangu aliyecheza. Nilimuuliza nikiwa nimechelewa mwezi mzima.

Saint John's bado wako pale. Gary Fasching aliichukua timu mwaka 2013, na mwaka 2019 walifika nusu fainali wakafungwa na Whitewater, chuo cha Wisconsin, 35 kwa 32. Nyumbani kwao Novemba kuna baridi ya kukata masikio, kwa hiyo mtakaokwenda nami bebeni mablanketi na chai kwenye chupa, na mkae upande wenye jua. Kwenye gari langu zimebaki nafasi tatu.

Haya, baba pale nyuma ulinyoosha mkono muda mrefu. Karibu.