Mkanda wa Harusi Uliotoka Houston

Assalaam alaykum, wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa kamera mliojaa huko nyuma.

Mkanda huu wa video niliokamata aliniletea mama yetu mmoja wa Makorora. Ni harusi ya mwanawe, iliyofungwa Houston, Marekani, mwaka 1991. Ulipofika Tanga, majirani walijaa kwa mwenye deki. Kuutia tu, picha ikawa inapanda haitulii, rangi hamna, na sauti ya bwana harusi nzito, inajikokota. Wakasema umeharibika njiani. Ukakaa kabatini miaka zaidi ya 30. Nimeukagua wiki iliyopita: mkanda mzima, hauna hata ukungu.

Shida ilianzia kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Mafundi wa televisheni za mwanzo waliifuata hesabu hiyo ya umeme, ili mtetemo wake usichafue picha. Ndiyo maana kule ikawa fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30, nusu ya ile 60, na kila picha huchorwa kwa mistari 525. Ulaya fremu 25, mistari 625. Brazil walichukua mfumo wa rangi wa Kijerumani, nitakaoutaja hivi punde, lakini kwa kuwa umeme wao ni wa 60, wakabaki na mistari 525.

Tuje kwenye rangi. Marekani waliidhinisha NTSC, mfumo wao wa televisheni ya rangi, Desemba 1953. Kasoro yake, mawimbi yakiyumba kidogo, uso wa mtu unageuka kijani au zambarau, ndiyo maana seti zao zilikuwa na kitufe cha kuurudisha uso kwenye rangi yake. Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani, akaja na mfumo wa PAL. Katika PAL, sehemu ya rangi hupinduliwa kila baada ya mstari mmoja, hivyo kosa la mstari huu linafutwa na la mstari unaofuata, na mtazamaji hajui kama palikuwa na kosa. Nimeshika bisibisi miaka mingi, na sijaona ufundi unaonifurahisha kama huo. Wafaransa walikuwa na mfumo wao, SECAM, wakaifikisha Umoja wa Kisovieti na Senegal. Sisi ni watu wa PAL. Zanzibar walianza na televisheni ya rangi mwaka 1973. Huku Bara tulingoja kituo hadi 1994, ingawa deki zilikuwa majumbani tayari.

Sasa ile sauti. Kwenye NTSC mkanda hukimbia milimita 33 kwa sekunde, kwenye PAL milimita 23. Deki ya PAL peke yake ikiusoma wa Marekani inauendesha polepole kuliko unavyotaka, basi msemaji lazima ajikokote.

Kuna wanaodhani mambo haya yaliisha Januari 2013, mitambo ya analojia ya Tanga ilipozimwa tukaanza kununua ving'amuzi. Hayakuisha. Gari linashuka kutoka Japani na skrini nzuri ya televisheni, lakini hapa halikamati kituo hata kimoja, kwa sababu Wajapani wanarusha kwa mfumo wa dijitali wa ISDB-T na sisi kwa DVB-T2. Msimlaumu fundi wa antena.

Na nyinyi vijana, ile 50 bado iko kwenye taa za ukumbi. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fremu 30. Ukirekodi hivyo chini ya taa za umeme wetu, michirizi myeusi inaweza kutambaa usoni kwa bibi harusi tangu anaingia mpaka keki inakatwa, na huwezi kumwambia aingie tena. Weka fremu 25 au 50, na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha, iwe sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Nawasihi, fanyeni hivyo kabla hamjatoka nyumbani.

Mwenye mikanda ya zamani, atafute deki inayosoma mifumo yote. Wa Marekani ukiuhamishia kwenye kompyuta, uache na fremu zake 30. Ukiulazimisha uwe 25, watu wanatembea kwa kurukaruka.

Mama mwenyewe yuko hapa, mstari wa mbele. Hajauona bado. Kijana, zima taa za upande huu. Mama, sogea karibu na spika, umsikie mwanao kwa sauti yake.