Jinsi ya Kutengeneza na Kufunga Stendi ya Ukutani ya Leso na Vitenge

Karibu, mtazamaji. Leo tunatengeneza stendi ya ukutani ya kuanikia leso na vitenge, kisha tunaifunga ukutani mpaka ishike. Niko Kisumu, na hii ninayoifunga ni ya duka dogo la mama mmoja anayeuza vitambaa. Lakini vipimo hivi vitakufaa hata ukiwa Nakuru, Kakamega au Busia, mradi ukuta wako ni wa matofali au wa mawe. Wa vibanda vya mabati pia nina neno nanyi baadaye kidogo.

Kabla hatujashika msumeno, tazama hapa nyuma yangu. Leso zote zimekunjwa, ziko ndani ya makaratasi ya plastiki, na zimepangwa kwenye rafu nyuma ya kaunta. Mteja akiingia anaona kingo za rangi tu. Na leso, kama unavyojua, husomwa kabla ya kununuliwa. Hakuna mtu atakayempelekea mama mkwe leso asiyojua imeandikwa nini. Kwa hiyo mwenye duka anafungua moja, anafungua ya pili, anafungua ya kumi, halafu mteja anasema atarudi kesho. Stendi tunayotengeneza ina kazi mbili: jina la leso, yaani maandishi yake, lisomeke kutoka mlangoni, na kitambaa kiguswe bila mteja kuomba ruhusa. Kila kipimo nitakachokutajia kimetoka hapo.

Tuanze na leso yenyewe. Itandaze mezani uipime. Nyingi huwa na upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Ukiitundika kwenye paipu ikiwa imekunjwa katikati ya kimo, upande wa mbele unashuka sentimita 55. Jina liko karibu na pindo la chini, kwa hiyo ukiweka pindo hilo mbele, maandishi yanasomeka sawasawa, bila mtu kupinda shingo. Hii ndiyo sababu paipu zetu zitaachana kwa sentimita 60 kutoka moja hadi nyingine. Ukizisogeza ziwe 40, leso ya chini itaziba jina la leso ya juu, na utakuwa umerudi kwenye rafu ya zamani. Kwa duka la vitenge peke yake unaweza kuzikaribianisha, maana kitenge hakina jina la kusomwa.

Upande wa upana, usiitandaze yote. Kunja ubavu wa kulia kwa nyuma, kunja wa kushoto kwa nyuma, bakisha kati kama sentimita 50 penye jina. Sasa paipu moja ya sentimita 160 inabeba safu tatu, na stendi nzima, yenye paipu tatu, inaonyesha majina tisa kwa wakati mmoja. Doti, yaani jozi ya leso, usiikate, inakunjika vivyo hivyo ikiwa bado imeungana.

Haya, vifaa. Nunua tyubu ya mraba ya inchi moja, urefu mzima wa mita 6. Nunua paipu ya chuma ya mviringo ya robo tatu inchi, nayo mita 6. Kipande cha bamba la chuma la upana wa inchi moja na unene wa milimita 3 hakiwezi kukosekana kwa fundi yeyote wa jua kali. Ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu, mafundi wanaochomelea madirisha watakukatia kila kitu hapohapo. Nakushauri usiende Jumapili, siku ya soko kubwa, kwa sababu hawatakuwa na muda wa kukusikiliza.

Utaambiwa utumie nondo ya milimita 12 badala ya paipu kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Kataa. Nondo ni nzito yenyewe na bado inapinda katikati ukiiwekea mzigo, kwa sababu chuma chake chote kimekusanyika kwenye kiini. Paipu ina chuma chembamba kilichosukumwa nje, na ndiyo maana inakaa imenyooka. Duka lenye fimbo zilizolegea katikati linaonekana limechoka hata kama bidhaa ni mpya.

Simamisha video uandike vipimo. Kwenye tyubu ya mraba kata nguzo mbili za sentimita 180 za kufunga ukutani, na mikono sita ya sentimita 25 ya kubeba paipu. Hiyo ni mita 5 na sentimita 10, kinachobaki weka. Kwenye paipu ya mviringo kata tatu za sentimita 160.

Sasa sogea karibu, hapa ndipo stendi nyingi hufia. Watu hununua mikono midogo yenye kibamba cha sentimita 8 hivi, wanaipigilia ukutani mmoja mmoja, na baada ya miezi michache inang'oka na plasta yake. Mwenye duka analaumu uzito wa nguo. Uzito si mkubwa hivyo. Doti ya leso haifiki nusu kilo. Kitenge cha yadi 6 kinakaribia kilo moja. Kinachong'oa ni mvuto. Jaribu hivi ukiwa umekaa hapo: shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha unyooshe mkono mbele. Maji ni yaleyale, lakini bega linalia. Skrubu ya juu ndiyo bega.

Tufanye hesabu. Mkono wa sentimita 25 umebeba kilo 5 kwenye ncha. Kibamba chake kina sentimita 8. Zidisha 5 kwa 25, gawanya kwa 8: skrubu ya juu inavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 16. Sasa chukua nguzo yetu ndefu yenye mikono mitatu, yote pamoja ikibeba kilo 15. Kutoka skrubu ya juu hadi mwisho wa nguzo ni zaidi ya sentimita 170. Zidisha 15 kwa 25, gawanya kwa 170. Unapata kilo mbili na kitu. Mzigo ni mara tatu, na mvuto umeshuka hadi chini ya moja ya sita. Ndiyo maana nimechomelea mikono yote kwenye nguzo moja, na ndiyo maana fundi akikuambia kipande cha chini ya mkono wa mwisho hakina kazi akikate, umzuie. Kipande hicho ndicho kinachoegemea ukuta na kuipumzisha skrubu ya juu.

Weka alama kwenye kila nguzo: sentimita 5 kutoka juu, 65, na 125. Hapo ndipo mikono inakaa. Hakikisha inatoka kwa pembe mraba kamili, na nguzo zote mbili zilazwe chini pamoja zikichomelewa, ili mikono ya huku ilingane na ya kule. Kwenye ncha ya kila mkono chomelea kikombe cha nusu mviringo kutokana na lile bamba, paipu ikae humo bila kuchomelewa. Utataka kuiinua na kuitoa siku ya kupanga upya. Kisha kila nguzo ipate masikio matatu ya bamba yenye matundu: moja juu kabisa, moja katikati, moja chini. Waambie mafundi wasage kila ncha kali kwa tupa au grainda. Uzi mmoja ukinaswa kwenye chuma, kitenge kizima kimeharibika.

Rangi usiifanyie haraka. Piga msasa, futa mafuta kwa thina, paka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, koti moja, ikauke, ndipo upake rangi ya mafuta makoti mawili. Iache siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Joto la Kisumu linalainisha rangi isiyokomaa, na itashika leso. Paipu za kuanikia mimi huzivalisha ile paipu nyeupe ya plastiki ya kupitishia nyaya za stima, ya milimita 25. Inaingia vizuri juu ya robo tatu inchi, inateleza, na kutu haifiki kwenye kitambaa. Unyevu wa ziwa hapa si wa kubeza, na doa la kutu kwenye pamba halitoki kwa sabuni.

Twende ukutani. Chagua ukuta kabla ya kuchagua urefu. Tuko karibu sana na Ikweta, jua la jioni linaingia moja kwa moja kwenye duka linalotazama magharibi, na rangi hupauka. Kama mlango wako unatazama huko, funga stendi kwenye ukuta wa pembeni, si ule unaokabiliana na mlango. Angalia pia sehemu ya chini ya ukuta: rangi ikiwa imevimba au inabanduka, maji yanapanda, na msimu wa mvua za masika kitambaa kitanusa ukungu.

Kabla ya kutoboa, tafuta swichi na soketi zote. Nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe juu wala chini yake kwa mstari huo. Kama huna uhakika, zima swichi kuu na utumie drili ya betri.

Pima sentimita 215 kutoka sakafuni. Hapo ndipo kichwa cha nguzo kinafika. Sakafu za maduka mengi zimeinama kidogo kuelekea mlangoni, kwa hiyo usipime mara mbili kutoka sakafuni. Pima upande mmoja, kisha uhamishe alama kwa pimamaji, au kwa paipu angavu yenye maji kama mafundi wa nyumba wafanyavyo. Nguzo ya pili iwe sentimita 110 kutoka ya kwanza. Paipu itazidi 25 kila upande, na hiyo inasaidia isilegee katikati. Shusha timazi kuhakikisha nguzo iko wima.

Matofali ya kuchoma yanataka adabu. Toboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha saruji. Gonga, sikiliza, na kama huoni viungo kwa sababu ya plasta, toboa tundu dogo la majaribio: vumbi jekundu ni tofali, vumbi la kijivu lisilokwisha ni kiungo, sogea kidogo. Bolti za kupanuka usizitumie kwenye tofali, zinalipasua. Tumia plagi za plastiki za milimita 8 na skrubu za inchi mbili na nusu. Plasta pekee inaweza kula sentimita 2, na plagi inayoshika plasta haijashika kitu. Kwa hiyo tundu liwe na kina cha sentimita 7. Funga kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha kina hicho. Kama ukuta ni wa jiwe laini la machimbo, zima ile nyundo ya drili na utoboe taratibu, vinginevyo tundu litakuwa pana na plagi itazunguka. Vaa miwani. Puliza vumbi lote nje ya tundu kabla ya kuingiza plagi. Vumbi likibaki, plagi haishiki.

Funga skrubu za juu kwanza, usizikaze. Rekebisha wima, funga za katikati na za chini, kisha kaza zote.

Na ninyi wa vibanda vya mabati: bati halibebi kitu. Pitisha mbao za tatu kwa mbili kutoka nguzo hadi nguzo ya kibanda, moja juu, moja katikati na moja chini, kisha funga masikio ya stendi kwenye mbao hizo kwa skrubu za mbao. Mabati yanatoa jasho asubuhi, kwa hiyo nafasi inayobaki kati ya bati na kitambaa ni faida.

Weka paipu kwenye vikombe vyake. Kabla ya kuweka bidhaa, ning'inia nayo kidogo kwa mkono, ukivuta kwenda mbele na si chini tu, maana wateja huvuta kitambaa kuelekea kwao. Ukisikia mlio kwenye plasta, toa stendi na utoboe upya. Kipimo changu cha bidhaa ni kilo 10 kwa kila paipu, basi. Pima kwenye mizani mara moja ili mkono wako uzoee.

Kupanga ni kazi ya mwenye duka, lakini nitasema haya. Paipu ya juu weka leso zenye majina ya zawadi na pongezi, kwa sababu ndiyo inayosomwa kutoka barabarani. Ya katikati, sentimita 150, iko kwenye macho na mikono: hapo weka mzigo mpya, uwe umetoka mtaa wa Biashara Mombasa au Eastleigh Nairobi. Ya chini inafaa vitenge vya sare za vyama, ambavyo hununuliwa vingi vya aina moja. Weka kimoja mbele na vingine nyuma yake. Kitambaa cha chini kinaishia sentimita 35 juu ya sakafu, kwa hiyo unapiga deki bila kukiinua. Bei ziandike kwenye karatasi ngumu, uzishike kwa vibanio vya plastiki. Pini za chuma zinaacha kutu na matundu.

Kila Jumamosi jioni badilisha zile za mbele na za nyuma, ili mkunjo usikae sehemu moja na vumbi lisitulie. Na baada ya mwezi wa kwanza chukua bisibisi, upitie skrubu zote sita, ukianza na mbili za juu.