Neno Okie lilikuwa tusi

KIOKO: Leo tuna Merle Haggard, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, na albamu yake ya Okie from Muskogee. Ilirekodiwa mbele ya watu, mjini Muskogee, Oklahoma, tarehe 10 Oktoba 1969.

ZAWADI: Na nikwambie ukweli, kaka, wimbo uliobeba jina la albamu umenikera miaka mingi. Vijana wanapinga vita vya Vietnam, yeye anaimba kwamba kwao bendera inaheshimiwa na bangi haivutwi. Siku 5 tu baada ya onyesho lile, Wamarekani wakajaa barabarani nchi nzima kudai vita viishe.

KIOKO: Sawa. Lakini hilo neno Okie, unajua lilikuwa tusi?

ZAWADI: La kumtukana nani?

KIOKO: Watu wa Oklahoma waliokimbilia California miaka ya 1930. Ukame, vumbi, umaskini. Wakawa vibarua wa kuchuma pamba na matunda kwenye mashamba ya watu, na wenyeji wakiwaita Okie kwa dharau. Wazazi wa Haggard walitoka Checotah, karibu na Muskogee. Ghala lao liliungua, wakahama. Yeye akazaliwa Oildale, California, mwaka wa 1937, akakulia ndani ya behewa la treni ambalo babake aligeuza nyumba.

ZAWADI: Behewa!

KIOKO: Behewa, dada. Babake alifanya kazi reli, akafariki Merle akiwa na miaka 9. Kijana akaanza wizi, hadi akafungwa gereza la San Quentin, California. Sasa mtu huyo anarudi karibu na kijiji cha wazazi wake, anasema anajivunia kuwa Okie. Sikiliza ukumbi unavyolipuka. Mimi pale nasikia watu waliodharauliwa muda mrefu.

ZAWADI: Nakuelewa. Ila kuwarudishia wazazi heshima si lazima uwabeze vijana wa wenzako. Hilo sitaliacha.

KIOKO: Usiliache, wala mimi silitetei. Nasema tu albamu ni kubwa kuliko wimbo huo.

ZAWADI: Hapo tuko pamoja. Mimi unaniua wimbo wa Sing Me Back Home. Mfungwa anapelekwa kuuawa, anaomba mwenzake mwenye gitaa amwimbie mara ya mwisho. Aliyeandika alikuwa ameishi gerezani, na unasikia.

KIOKO: Na Mama Tried? Kifungo cha maisha cha mle ni cha kubuni, lakini kufikisha umri wa miaka 21 akiwa gerezani ni kweli yake.

ZAWADI: Halafu Workin' Man Blues. Baba ana watoto 9, anatamani kudandia treni apotee, kisha anakumbuka watoto wanahitaji viatu. Kesho yuko kazini. Marehemu babangu alikuwa utingo wa lori, Kioko, na ninaposikia pale namwona akivaa buti saa 10 alfajiri, hasemi neno.

KIOKO: Pole, dada.

ZAWADI: Nimeshapoa. Ongeza sauti tu, gitaa la Roy Nichols, mpigaji wa bendi yake Haggard, linaingia.